Kidole cha Uwesu na Kilemba Chekundu

Jumatatu, 9 Septemba 2024

Uwesu kalala sasa hivi kifuani kwangu, baada ya uji. Lakini kidole hakijalala! Kinagonga, kinagonga — juu ya ua la kanga yangu, mahali palepale, kama anabonyeza simu. Nimekishika, kimetulia. Nimekiachia, kimeanza tena.

Mtoto hajatimiza hata miaka miwili. Ni mimi niliyemfundisha.

Niandike basi, maana nikisema nitalia. Kwenye gemu letu, Safari ya Ujiji, kuna njia tatu za kupanda levo. Kupigana na wanyang'anyi: unapanda haraka, ukishindwa umepoteza mizigo yote. Kubeba mzigo kituo hadi kituo: polepole, mgongo unauma hata kwa kutazama. Na kuwapa maji wapagazi wagonjwa kambini: pointi kidogo, ila hakuna hatari. Mgonjwa anakueleza habari zake, unampa maji, anainuka, anakuja mwingine. Mimi nikagundua kwamba usiposoma habari zao, ukibonyeza tu kibuyu cha maji bila kuacha, pointi zinamiminika. Na nani anabonyeza bila kuchoka? Nampa Uwesu simu, naenda kupepeta mchele. Nikirudi, levo imepanda. Mtoto katulia, kazi imekwenda. Nikajiona mjanja!

Jana, kwenye gemu, nimevishwa kilemba chekundu. Mimi ndiye kirangozi, natangulia mbele ya msafara wa grupu letu zima. Wote wamenipongeza. Darasa la saba sikufaulu, sijawahi kupongezwa hivyo. Nikaandika: Asanteni, ni juhudi tu.

Juhudi ya nani?

Jumatano, 11 Septemba 2024

Balaa. Gerson katuma ujumbe. Huyu ni Mgogo wa Dodoma, mkubwa wa grupu, ndiye anayewasiliana na vijana waliotengeneza gemu. Wameona pointi za maji zinavyomiminika kwenye grupu letu; wanasema maji yanalipa kuliko mzigo, si haki kwa wanaobeba. Kuanzia Jumapili pointi za maji zinapunguzwa, zitabaki karibu na bure. Na aliyepanda kwa maji peke yake atarudishwa levo ya kwanza.

Kwa maji peke yake! Mimi mwanzoni nilibeba mizigo kidogo, kwa hiyo nimepona. Kwenye grupu anayeumia ni mmoja tu. Hafsa.

Hafsa ni wifi yangu, dada wa mume wangu Adinani. Ana ugonjwa wa selimundu. Vidole vikimuuma hawezi kupigana wala kubeba. Ndiye aliyenifundisha gemu, nilipoolewa hapa Kanyenye kutoka Ntalikwa na sijui mtu. Yeye husoma habari za kila mgonjwa mpaka mwisho. Anawajua kwa majina! Huniambia: Yule mwenye vidonda vya miguu leo kaniuliza kama mkewe atamngoja — kama anamsema jirani. Mwaka mzima, mgonjwa mmoja mmoja, na bado yuko chini yangu.

Sasa kwenye grupu wameanza maneno. Shamila kaandika: Kumbe wagonjwa wa Hafsa walikuwa hawaumwi! Vicheko tele.

Nami sikumtetea. Kirangozi mimi!

Alhamisi, 12 Septemba 2024

Adinani kauliza kama naumwa, nikasema ni joto.

Mchana nikaandika kwenye grupu: Siyo Hafsa. Ni mimi niliyechota kwa ujanja, hata kilemba hiki sikukistahili. Nikatuma huku nimefumba macho.

Gerson akajibu hapohapo: Wanyamwezi bwana! Tangu lini mkaona mzigo wa mwenzenu msijitwishe? Shusha, mtani, utavunjika shingo!

Wagogo ni watani zetu. Kati yetu kila neno ni mzaha, na mtani hanuni. Basi wote wakacheka. Shamila kamwomba Hafsa radhi, kisha akaandika: Huyo ndiye kirangozi, anawabebea hadi aibu! Hakuna aliyeamini. Hafsa naye akanipigia: Wifi, Mungu akulipe, hukutakiwa kujichafua kwa ajili yangu. Nikafungua mdomo. Uwesu akalia. Nikasema, haya wifi, tutaongea.

Alilia kidogo tu. Ningeweza kuendelea.

Sasa nasifiwa mara mbili kwa uongo mmoja. Hiki ndicho kilemba cha ukoka walichokisema wazee.

Ijumaa, 13 Septemba 2024

Simu nimeiweka juu ya kabati. Uwesu kagonga ukuta, kagonga sufuria, kagonga goti langu. Kalia mpaka akapaliwa. Nikambeba mgongoni hadi dukani kwa Nasim na kurudi, sina hata cha kununua. Njiani akaona mbuzi kapanda juu ya tofali, akacheka! Akanionyesha kwa kidole kilekile. Nimefurahi kama nimejifungua upya.

Nimewaza pia. Maji hayana kosa. Wangeweka kwamba mgonjwa asikilizwe mpaka mwisho, akuulize swali, umjibu, ndipo pointi zije. Hafsa asingepoteza kitu. Tungeanguka mimi na kidole cha mwanangu, na ndiyo haki. Nitamweleza Gerson. Ila kwanza Hafsa, uso kwa uso, utani usipate mahali pa kuingilia.

Jumamosi, 14 Septemba 2024

Hafsa kaja, kaleta visheti. Vidole vimemvimba leo. Yuko barazani na Uwesu. Mimi nimejifungia jikoni, eti nachemsha chai. Maji yamechemka zamani. Kesho ndiyo wanamshusha, na hajalalamika hata neno moja!

Namsikia anamwambia mtoto: Njoo kwa shangazi, baba. Mama yako ni mtu na nusu, wewe hujui tu.

Ee Mola.

Nitaanza hivi: Wifi, sikukubebea kitu. Wewe ndiye unayenibebea mimi. Halafu tumpigie Gerson pamoja, asikie sauti yangu, ajue sitanii.

Simu ya Hafsa inalia. Ule mlio wa kibuyu cha kwenye gemu — tik, tik, tik, tik. Mbio. Hafsa habonyezi mbio, vidole vyake haviwezi.

Anacheka: Ah! Nani kakufundisha hapa, baba?

Mlio hauachi. Kicheko kimekoma.

Ananiita. Siyo wifi, siyo Mama Uwesu. Jina langu kabisa — Mwanajuma! Naenda, nitasema kabla hajaniuliza, nitase—