Tepu Iliyopona

Jumatatu, 3 Juni

Uwanja wa mazoezi, saa tisa alasiri. Tuko watatu tu: mimi, Kocha, na mrukaji wake, yule mwembamba wanayemwita Sindano. Asubuhi hufua mashuka kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, mchana huruka juu. Rekodi yake rasmi ni mita 1.78 na haijasogea miaka miwili. Jumamosi ni mchujo wa timu ya taifa, kiwango 1.84. Msimamizi wake kazini ameshamwambia: akikosa safari hii, ruhusa za mchana basi.

Namkumbuka mwaka jana. Kabla ya kuruka alikuwa akifunga kamba za viatu mara tatu, kisha anauliza, "Ni ngapi hapo?" Ukishamjibu, miguu inakuwa mizito. Leo hakuuliza. Alisimama chini ya ufito, akalaza vidole viwili juu ya kichwa vikaugusa, akacheka, akarudi nyuma. Akaruka. Ufito haukutikisika.

Kocha akanipa tepu ya chuma, maana alama za kwenye nguzo zilifutika zamani. Nikapima mwenyewe, mara mbili. 1.85! Kocha anasema tepu ilikatika Aprili, akaipeleka kwa fundi baiskeli, ikapona. Nikacheka.

Nimefika nyumbani nayo mkobani. Kusahau.

Jumanne, 4 Juni

Habari yangu imetoka gazetini, ukurasa wa nyuma: Sindano avuka 1.85 mazoezini. Ndani nimeandika kwamba nimepima kwa mkono wangu.

Mhariri akaniuliza siri ya huyo binti ni nini. Nikasema anajiamini. Akataka makala nzima ya kujiamini, maneno mia nane. Nikakataa. Miaka thelathini na moja nimeona waliojiamini wakianguka hatua ya kwanza, na mmoja aliyetapika nyuma ya jukwaa kisha akashinda. Kujiamini huwa tunawagawia sisi waandishi, matokeo yakishatoka. Kabla ya hapo hatukuoni.

Lakini yule binti haulizi tena. Hilo nimeliona kabla ya matokeo.

Jumatano, 5 Juni

Mke wangu ana kesi na mimi. Ni fundi cherehani. Futi yake ilipotea chini ya vitambaa, akachukua tepu mkobani mwangu, akakata mapazia ya mteja. Mafupi! Yote manne. Futi ilipopatikana akailaza mezani kando ya tepu, akaniita.

"Haya, bwana wa namba. Soma mwanzo wa tepu yako."

Tepu inaanza na nne. Fundi baiskeli alikata kipande kilichoharibika, akagonga kikulabu penye sentimita ya nne. Hakuna aliyesoma mwanzo. Sote tulisoma mwisho.

1.85 toa nne. 1.81.

Chai imepoa nikihesabu. Hajavuka 1.84, wala hajaikaribia. Na mimi nimechapisha kwamba ameipita, nikaweka na mkono wangu humo.

Hesabu nyingine, hii hainipi raha: rekodi 1.78, kweli ya Jumatatu 1.81. Sentimita nne ni za uongo. Tatu ni za kweli. Hizo tatu zimetoka wapi?

Mke wangu anasema mteja wa mapazia anakuja kesho, nikae nimweleze mimi.

Alhamisi, 6 Juni

Nimemrudishia Kocha tepu. Alikuwa chumba cha vifaa, anashona godoro lililochanika. Nikamwonyesha ile nne. Hakushangaa. Kumbe aligundua wiki tatu zilizopita, alipopima mlango wa stoo na kitasa kikagoma kukutana na tundu lake!

Nikamuuliza mbona Jumatatu aliniacha nipime, nikaandike. Akasema sikumuuliza kitu. Sikupandisha sauti, naye hakupandisha. Akaikunja tepu polepole.

"Tangu ikatike hajauliza ni ngapi. Wewe, mzee mwenzangu, ungemwambia?"

Nikamjibu kwamba kazi yangu ndiyo hiyo. Akasema kazi yangu inaweza kungoja mpaka Jumapili, magoti ya binti hayawezi.

Ofisini nimemweleza Mhariri yote. Kisanduku cha masahihisho kina nafasi, akasema, kesho au Jumapili, nichague mwenyewe. Sijawahi kuchelewesha sahihisho hata siku moja.

Nimesema Jumapili.

Ijumaa, 7 Juni

Gazeti limetoka bila sahihisho. Nimeusoma ukurasa wa pili mara mbili, kama vile lingejitokeza lenyewe.

Mapazia yamekatwa upya.

Jumamosi, 8 Juni

Uwanja mkubwa. Naandika hapa hapa, daftari gotini, kiti cha kwanza nyuma ya uzio. Kocha yuko hatua tano kushoto kwangu. Hatujasalimiana vizuri.

1.75 – mara moja. 1.78 – mara moja. 1.81 – mara moja! Mtangazaji anasema ni rekodi yake mpya. Watu wanashangilia. Sindano anawatazama kama waliomfananisha na mtu mwingine: kwake hiyo ni ya kupasha misuli. Kocha anatazama viatu vyake.

1.84. Wamebaki watatu, majaribio matatu kila mmoja.

La kwanza: kisigino kimeangusha ufito. La pili: mgongo mzima. Baya kuliko la kwanza.

Baada ya la pili hakurudi kwenye benchi. Ufito uliporudishwa alikwenda akasimama chini yake, akalaza vidole viwili juu ya kichwa. Havikufika. Akaongeza cha tatu. Cha nne ndicho kilichogusa. Akabaki amesimama hivyo, mkono kichwani. Kabla hajageuka nilijua ameshalinganisha na Jumatatu.

Alikuja kwenye uzio. Hakwenda kwa Kocha, alikuja kwangu. Akainama, akafunga kamba za viatu. Mara moja, mara mbili, mara tatu.

"Mjomba, ile ya Jumatatu ilikuwa ngapi?"

Kocha akakohoa.

"Themanini na moja," nikasema. "Tepu ilikuwa mbovu. Nimejua tangu Jumatano."

Akamtazama Kocha, akanitazama mimi.

"Kwa hiyo hii sijawahi."

"Hujawahi."

"Na ile ya pale mwanzo, waliyoshangilia?"

"Hiyo ni yako. Imepimwa na waamuzi."

Wakaita namba yake. Akasema sawa, kama mtu aliyeambiwa duka limefungwa, akaondoka.

Sasa yuko kwenye alama yake ya kuanzia, ile plasta nyeupe iliyobandikwa chini. Ameibandua. Ameisogeza nyuma urefu wa kiatu kimoja, akaikanyaga ishike. Hakumtazama Kocha kupata ruhusa. Kocha ameshika uzio kwa mikono miwili.

Saa ya mwamuzi inateremka. Zimebaki sekunde arobaini. Kwenye jedwali langu nimeandika 1.84, jaribio la tatu, na mbele yake nimeacha nafasi.

Midomo yake inacheza. Anahesabu hatua, au anatukana, sisikii. Thelathini. Ameinua mkono –