Mama Mkwe Yuko Mlangoni

Jumanne, baada ya isha

Sijamwambia Salim, wala simwambii. Mume wangu anajiona fundi, basi na ahangaike kidogo.

Ndiye aliyefunga kengele ya kamera hapa mlangoni, akaiunganisha na simu ya mamake kule Mombasa ili awaone wajukuu wakirudi shule. Tangu siku hiyo Bi Mkubwa amekuwa bawabu wetu hapa Wembley. Jana nilirudi kutoka kazini na biriani ya kununua, kengele ikapaza sauti yake, "Mwanangu, leo tena hupiki?" Jirani akageuka kutazama!

Leo asubuhi nikaipaka kamera mafuta ya kujipaka. Kidogo tu.

Jioni Salim akaifungua kengele yote, akazima intaneti, akaiwasha, watoto wakapiga kelele. Mara simu yangu ikalia. Bi Mkubwa.

"Mwanangu, mlango wenu umefanya ukungu. Mu wazima?"

"Wazima, mama. Ni hii baridi."

Kisha akasema polepole, "Nilidhani mumenichoka. Humu ndani sina hata mtu wa kumuuliza atokako."

Nilijisikia vibaya. Kweli, tangu baba mkwe afariki yuko peke yake, na sisi tuko huku, na sijui mpaka lini...

Nikatoka na ncha ya khanga, nikafuta kioo.

"Ahaa, sasa nakuona! Na hizo taka zimejaa, Salim hajazitoa?"

"Salim!" nikaita. "Mamako anakutaka mlangoni."

Alipotoka, mimi nikaingia ndani na kufunga mlango.