Ukurasa wa Nyumba Yenye Dini Mbili

Chumba cha Walimu,
Meza ya dirishani,
Jumamosi, 14 Juni.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Habari za huko mbali? Goti lako limepoa, au bado linakusumbua ukishinda umesimama wodini? Shemeji hajambo? Na wapwa zangu, wanamkumbuka mjomba wao au wanakumbuka zawadi tu? Huku sote wazima. Baba anakohoa kidogo asubuhi ila hataki kuambiwa. Mama ni yule yule, sauti anayo.

Mimi mwili mzima, roho ndiyo haitulii. Naandika mstari, nainuka, nazunguka meza, narudi. Nivumilie barua ikienda upogo.

Mkuu wa shule alinipa kazi ya kuchagua kitabu na vifaa vya somo la dini kwa vidato vyote. Hapa wanafunzi wa dini zote hukaa darasa moja, kwa hiyo kitabu ni kimoja. Nikadhani ni kazi ya kufunua na kufunika. Kumbe nimejitwika gunia la misumari.

Akaja wakala wa vitabu na sanduku lake: picha kubwa za rangi za kubandika ukutani, ramani, filamu fupi fupi, na kitabu kinene chenye maswali ya mtihani kila mwisho wa sura. Dada, yule bwana angeweza kumuuzia samaki maji. Mkuu akapenda papo hapo. Hata mimi nilipenda, sikufichi. Kitabu kingine kilichokuwepo mezani kilikuwa chembamba, hakina rangi, na ngamia wake amechorwa kama mbuzi mwenye uvimbe.

Nikaomba nikijaribu kwanza kile kinene na kidato cha pili. Mle yumo binti tunayemwita Kinanda, maana hanyamazi. Tulipofika sura ya ndoa na familia, zamu ya kusoma ikawa yake. Akasoma kwa sauti kwamba nyumba yenye dini mbili haina msingi, na watoto wake hukua bila mwelekeo. Hapo akakiweka kitabu chini. Wenzake wakamgeukia, kwa sababu wote wanajua baba yake ni wa msikitini na mama yake ni wa kanisani.

"Mwalimu," akaniuliza, "hili likija kwenye mtihani, niandike kwamba kwetu tumepotea?"

Dada, mimi na wewe tumezaliwa nyumba gani? Nikasema tutaliongea kesho, nikatoka darasani kama mtu anayefukuzwa.

Kuanzia hapo sikutulia. Nikisahihisha madaftari, naiona ile sentensi. Nikila, chakula hakina ladha. Mama akaniuliza kama nina minyoo.

Mwishowe nikaenda kwa mkuu, nikamwonyesha ukurasa ule na kuomba tuchukue kile chembamba, kisicho na maneno hayo.

"Ukurasa mmoja tu, mwalimu?" akasema. "Si uuruke!"

"Mkuu, ukurasa mwalimu akiuruka, ndio wanafunzi wanaoanza nao."

Alicheka, kisha akakunja uso. "Kile chembamba hakina maswali ya mtihani. Matokeo yakishuka, nimwite nani?"

"Niite mimi." Nilijibu upesi kabla woga haujanishika shati.

Basi kimechukuliwa kile chembamba. Maswali natunga mwenyewe, na picha tunachora na wanafunzi kwenye karatasi za manila. Kwa sura ya familia nilikosa kifaa cha kufaa, nikaona heri nilete watu. Nikawaomba Baba na Mama.

Baba akagoma, eti yeye si mwalimu. Mama akamwambia, "Redio unaijibu kutwa nzima, leo watoto ndio wakutishe?" Wakaja Jumatano, Baba na kofia yake, Mama na kile kitambaa cha kichwa ulichomletea. Nilisimama nyuma ya darasa, mikono haijui pa kukaa.

Baba alikohoa kwanza. Akawaambia kwamba alfajiri Mama ndiye humwamsha kwa swala akipitiwa na usingizi, na kwamba Jumapili yeye ndiye humng'arishia Mama viatu vya kwendea kanisani. Ulilijua hilo, Dada? Mimi nimekaa nyumba ile miaka yote nikidhani ni Mama mwenyewe.

Kinanda akanyoosha mkono. "Na mkigombana?"

"Tunagombana sana," Mama akajibu. "Tunagombania chumvi. Mungu bado hatujamgombania."

Darasa likaangua kicheko, hata Baba akashikilia meza. Lakini hawakudanganya. Mama aliwaambia pia kwamba baba yake mzazi hakuja kwenye harusi yao, na kwamba linamuuma hadi leo. Hapo kicheko kikaisha, wakasikiliza kama watu wazima.

Nilirudi nyumbani nimefurahi, ila wasiwasi haukuchelewa. Na wazazi wengine je? Watasema nafundisha watoto kuchanganya dini? Alhamisi asubuhi nikaitwa getini. Alikuwa baba yake Kinanda, fundi wa kuchomelea, jitu la miraba minne, miwani ya kazi bado ipo kichwani. Nikaanza kujieleza hata kabla ya salamu.

Akanikata. "Mwalimu, binti yangu hajalala vizuri wiki nzima, jana kalala. Mimi na mama yake tumeongea. Na sisi tukitaka kuja darasani, tuje saa ngapi?"

Nikamwambia Jumatatu, baada ya mapumziko. Sauti ilinitoka nyembamba kama ya panya.

Sijatulia bado. Mitihani i mbele, na mkuu hasahau. Niombee.

Msalimie sana Shemeji, na wapwa zangu wote mpaka yule wa kubebwa. Baba na Mama wanakusalimu, kila mmoja kwa dua yake, nawe uzipokee zote mbili. Mungu akulinde uendako na urudiko.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Kitindamimba