Bakuli la Nyuzi Dirishani

Ghorofa ya kwanza, chumba cha cherehani,
Jumanne, tarehe 9 Machi

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu za dada yako. Hujambo? Wifi naye, ule mgongo umetulia, au bado anabeba ndoo kama anashindana na mtu? Na wanangu wawili, shule inakwendaje? Sisi huku wazima. Mama anakula vizuri, amepata miwani mipya na sasa anaona mishono mibovu ya kila mtu. Nimekusalimia kwanza kwa sababu nimelelewa. Sasa nisikilize, maana nimekasirika.

Naandika kwa kalamu makusudi. Kwenye simu nikigusia habari za ndege unanirushia visura vya kucheka na kuniita Daktari wa Shomoro, mdogo wetu Tajiri naye anadakia, mazungumzo yanaishia hapo.

Jambo lenyewe ni bakuli la Baba. Unalijua: jioni akishafunika cherehani, aliokota vipande vya nyuzi sakafuni, akavitia kwenye lile bakuli la bati na kuliweka dirisha la nyuma, shomoro wajengee viota. Alipofariki ulitangaza kwamba bakuli lisiguswe, ni sadaka yake. Wote tulikubali, na mafundi wameendelea kulijaza.

Lakini Baba alishona kwa uzi wa pamba, Kaka. Ule ukiloa unaoza, ukivutwa unakatika. Siku hizi tunashona kwa nailoni, na huo ukijaribu kuukata kwa meno, meno ndiyo yanayotangulia. Shomoro atajuaje tofauti? Anauchukua, anautandika kiotani, anaatamia juu yake, na makinda wanakua huku miguu imefungwa.

Wiki tatu zilizopita nilikuwa napiga pasi sare za shule nikasikia kelele nje. Makinda walikuwa wanaruka kwa mara ya kwanza. Wengine wakaenda, mmoja akabaki ananing'inia chini ya kibao cha duka letu, kichwa chini, ameshikwa mguu mmoja, anapiga mabawa na kuzunguka. Watu barabarani wametoa simu, wanapiga picha. Uzi ulikuwa wa rangi ya damu ya mzee. Mtaa mzima hakuna anayeshona damu ya mzee msimu huu ila sisi. Nikapanda meza ya kukatia, nikajitokeza dirishani, Tajiri kanishika kiuno huku anacheka, nikaukata uzi pale juu, nikamwingiza ndani yule kiumbe.

Uzi ulikuwa umezama ndani ya nyama. Niliutoa kwa kile kichuma cha kufumulia, taratibu, kama ninayefumua hariri ya mteja mkali, na bado haukutoka wote. Daktari wa wanyama alisema mguu umeshakufa, utadondoka wenyewe, nimpe wadudu laini na nisimtilie maji mdomoni. Ukadondoka kweli. Nimeokota mguu wa ndege kwenye boksi la vifungo nililomlaza, Kaka, na kipande cha uzi wetu kilikuwa bado kimeuzunguka, kizima, hakijafifia hata rangi.

Siku hiyo hiyo nikaliondoa bakuli. Kesho yake nikalikuta limerudi, limejaa. Kumbe Tajiri alikupigia kunisemea. Nilipomuuliza, akasema: "Dada, mimi sina neno. Kaka kasema lirudi, limerudi." Fundi wa suti naye akaniambia mkubwa ni mkubwa.

Nakuuliza wewe mkubwa. Nani anafungua hapa asubuhi? Nani anapima, anakata, anagombana na wateja ambao wamenenepa halafu wanasingizia suruali? Ni mimi. Lakini dirisha linaongozwa na sauti ya mtu aliye ng'ambo, asiyeona mguu hata mmoja. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Na ule msemo wa tenda wema nenda zako, wewe umeutimiza barabara: wema umetenda, zako umekwenda, mimi nimebaki kufungua miguu ya ndege.

Halafu ukathubutu kusema simheshimu Baba. Hilo limeniuma, nalisema wazi, nililia kwa hasira mpaka nikaunguza kola ya mtu. Baba alikuwa anafumua koti zima kwa sababu ya mshono mmoja uliokwenda upande. Angemwona yule kinda, chai yake ingepoa pale pale. Aliwapa ndege kitu kizuri alichokuwa nacho. Sisi tunawapa kitanzi kisha tunajisifu kwamba tunamkumbuka.

Mama hataki kuingia kati yetu. Ila juzi nilimkuta amekaa na bakuli mapajani, miwani puani, anachambua: nailoni huku, pamba kule. Alichambua mpaka bakuli likabaki tupu. Akalirudisha dirishani tupu hivyo hivyo. Kabla ya kufunga, Tajiri alikuwa ameshalijaza, maana amri ni amri.

Sitaki uniombe radhi. Nataka umpigie Tajiri, kwa mdomo wako ule ule uliolirudisha, umwambie kila uzi ukatwe vipande vifupi uende pipani, na bakuli la Baba litiwe maji. Ndege wananywa. Jua kali, na maji hayamfungi mtu.

Yule kinda amepona. Alikuwa akijaribu kutua juu ya kigurudumu cha uzi anaanguka, anajaribu tena, mpaka akajua kusimama kwa mguu mmoja. Jana nilimfungulia dirisha, akatoka bila kuaga.

Lakini mama yake ameanza kiota kingine. Leo asubuhi amekuja kwenye bakuli, akavuta uzi mrefu wa damu ya mzee, unamburuta nyuma. Nikampigia kelele, nikagonga dirisha kwa rula, akauangusha. Akarudi. Nikamfukuza tena. Wateja wananitazama kama nimerukwa na akili. Daktari wako wa Shomoro ameshinda asubuhi nzima anafukuza shomoro kwenye dirisha la baba yake, kwa sababu kumwaga bakuli lile kunahitaji ruhusa yako. Yule mama shomoro hatasubiri tumalize kuheshimiana, atataga.

Nisalimie Wifi, mwambie ndoo awaachie wenye migongo. Wabusu wanangu, shangazi yao anawapenda. Mama anakuombea afya, na mimi nakuombea masikio. Mungu awatunze nyote.

Sitoki hapa dirishani. Simu ya Tajiri ikilia nitaisikia.

Wako akupendaye, hata kwa hasira hizi,
Dada yako