Saa ya Swaleh Niliyoiacha Itembee

Mdogo wangu Eliudi,

Natumai wewe na watu wa boma mnaamka vizuri huko Mata, na kile kikohozi cha mke wako kimetafuta mtu mwingine wa kumsumbua. Mimi hapa Voi kwa binti yangu nakula, nalala, nagombana na joto. Magoti ndiyo hayataki tena kusikia habari za safari.

Habari kubwa ni hii: nimempiga Swaleh kwenye chesi! Yule mwenye pointi nyingi kuliko wote klabuni, ambaye hata wa Mombasa wanamwogopa. Nimemkung'uta kwa akili tupu, mimi niliyeishia darasa la nne.

Eliudi, huo ni uongo. Nimeuandika nione kama utanipendeza nikiusoma. Haukunipendeza.

Sasa sikiliza ilivyokuwa. Tunachezea kwenye chumba cha nyuma cha duka la Swaleh, lile la leso. Kando ya ubao kuna saa yenye nyuso mbili, yake na yangu. Ukishasogeza unabonyeza upande wako, ya mwenzako inaanza kutembea. Ikimwishia ameshindwa, hata kama alikuwa anakumaliza. Katikati kuna kifungo cha kuzisimamisha zote mbili. Mwezi wa Ramadhani tuna desturi yetu: adhana ya magharibi ikilia, yule asiyefunga anabonyeza hicho cha katikati, aliyefunga aende afuturu na kuswali bila haraka. Haijaandikwa popote. Hakuna aliyewahi kuona haja ya kuiandika.

Siku hiyo mimi na Swaleh tulikuwa tunagombea nafasi ya mwisho kwenye timu inayokwenda Mombasa. Alikuwa ananichinja polepole. Nikamchokoza, "Kijana, saumu imekukausha, utaanguka juu ya ubao."

Akacheka. "Nikianguka, babu, nakuangukia wewe."

Adhana ikalia, na zamu ilikuwa yake. Akainuka. "Babu, nisimamishie saa." Akatoka hata bila kugeuka.

Mkono wangu ulikwenda, Eliudi. Haki ya Mungu ulikwenda. Halafu nikautazama ubao, nikaona mfalme wangu hana pa kujificha, na mkono ukapita pale pale ukaenda kujikuna goti. Wenzetu walikuwa nje na chai yao. Nikabaki na ile saa, tik, tik, tik, mpaka muda wake ukaisha.

Alirudi na sambusa mbili kwenye karatasi. "Zako hizi. Mama amesema usizile zikipoa."

Katibu wa klabu akaingia, akaiona saa. "Swaleh! Muda umekuishia!"

Swaleh akanitazama. Nikasema, "Nilibonyeza. Labda haikushika."

Akaisogeza saa kando. "Basi saa ni mbovu. Babu hawezi kunidanganya." Akanipa mkono.

Na sambusa nikazila. Zote mbili.

Tangu hapo nateswa na heshima. Jumapili mchungaji alinisimamisha nikapigiwa makofi. Binti yangu ameshaninyooshea koti la safari. Katibu ameijaribu ile saa na ananong'ona kwamba haina ubovu wowote, na anayemnyamazisha ni Swaleh mwenyewe: "Usimseme babu yangu." Zamani nilikuwa siwezi kupita dukani kwake bila kumtania. Siku hizi nazunguka kwa nyuma kama mwizi wa kuku. Timu inaondoka Jumamosi ijayo. Nikipanda gari lile kabla ya kusema ukweli, sitaweza tena kuketi mbele ya mtu huyu, na hapa Voi sina rafiki mwingine anayenivumilia.

Msalimie mke wako, na shangazi yetu anayesema mpaka leo kwamba jogoo wake nilimla mimi. Msalimie na mkwe wako fundi baiskeli. Lakini barua hii usiwasomee.

Sasa nataka unilipe fadhila yangu. Ulipomtorosha binti wa watu, nani alikwenda kukusemea kwa wakwe, wewe ukiwa umejibanza nyuma yangu na mbuzi? Unajua kwetu mtu hajiombei msamaha kwa mdomo wake. Basi shuka Voi kabla ya Jumamosi, na mkungu wa ndizi mbivu za huko, tufike kwa Swaleh wakati wa kufuturu. Wewe utaketi mbele ya Swaleh na mama yake useme: babu hakubonyeza. Mimi nitakuwa nyuma yako, nimeshika ndizi.

Ndugu yako mkubwa,
Zakaria