Neno la Kiswidi la Mama Mdogo

Al Sadd, Doha
9 Aprili 2016

Kwako dada Peninah,

Mulembe. Natumaini wewe, shemeji na mapacha mko salama, na goti la mama limepata nafuu. Sisi huku tu wazima. Cheryl amekua, viatu vya Januari havimwingii tena. Salamu zimetosha, sasa tuongee.

Nimesoma uliyoyaandika kwenye grupu la familia, mbele ya kaka Harun na wake wote wa wajomba, kwamba mimi ni mwizi wa mtoto, na kwamba Mungu alininyima kizazi kwa kuwa aliijua roho yangu. Hukunipigia simu kwanza. Ulinianika, na mama akaweka kidole gumba kuunga mkono.

Basi nikukumbushe, maana wewe husahau upesi. Agosti 2013, nilipopata nafasi ya kusomea uuguzi kule Uppsala, Uswidi, nani alinifuata hadi Kimilili na begi la mtoto? Mimba ya mapacha ilikuwa imeanza kukulaza, Cheryl wako ana miaka miwili, ukaniambia ni mwaka mmoja tu, na kwamba naye ni mtoto wangu pia. Nilikubali. Wewe ukabaki kitandani ukihudumiwa, mimi nikaenda kumvalisha mtoto nguo tabaka nne kila asubuhi, na tukifika mlangoni anataka kukojoa. Desemba, saa tisa alasiri ni giza. Majirani wa jengo letu wakitusikia kwenye ngazi walingoja ndani mpaka tupite. Na wewe ulikuwa ukiniandikia nikutumie picha za theluji.

Chekechea nayo ilikuwa na vituko vyake. Siku moja ya Novemba niliwahi kufika, nikamkuta Cheryl amelazwa nje ndani ya kigari, katika baridi ya kugandisha maji, eti apate hewa safi. Nilimnyakua nikawaka kwa Kiswahili, Kibukusu na Kiingereza. Mwalimu akanieleza kwa upole kwamba wao huwalaza watoto wote hivyo, lakini mimi ndiye mama, nikikataa basi. Kwenye fomu yao, pale palipouliza mama, nilikuwa nimejaza jina langu. Sikudanganya. Kwetu dada wa mama ni mama, na wewe unalijua hilo. Nilipomfafanulia, mwalimu alicheka, akasema hata wao wana neno la mama mdogo, wanamwita moster. Akaniomba nisahihishe fomu na nimzoeze mtoto kuniita hivyo.

Sikusahihisha. Hapa nataka unisome polepole, dada.

Cheryl hakukusahau mwenyewe. Alikulilia hadi Krismasi. Kila ulipopiga, nilimpa simu nikimwambia aongee na anti. Akikutaja kwa jina la mama, namrekebisha. Mwaka ulipokwisha nikapata kazi hapa Doha, nikakwambia mapacha watakuelemea, nikaja naye, na kufikia hapo hapakuwa na cha kurekebisha. Nilijua ninalolifanya. Kulikuwa na mtu anayenikimbilia mlangoni akiniita mama, na sitapata mwingine. Nilikuchukia kwa kuwa na watatu. Hata sasa nakuchukia kidogo, na yale matusi yako hayakusaidia.

Jana Ijumaa, siku ya ibada huku, tulipotoka kanisani, nilimketisha nikamwambia ni nani aliyemzaa. Alinisikiliza huku akivuta uzi wa soksi yake. Kisha akaniuliza, "Na anti anajua?"

Mjibu wewe. Piga siku yoyote baada ya saa kumi na moja jioni, nikiwa nimetoka hospitali. Nitampa simu, na sitamwambia ni anti.

Nisalimie shemeji na yeyote huko anayeniulizia kwa wema.

Ni mimi mdogo wako,
Nasimiyu