Kiti Kisichokaliwa

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya Ajira chuoni. Meza ishirini na kitu ukumbini. Ya benki, foleni mpaka mlangoni. Ya bima, foleni. Sisi wa Taaluma za Utamaduni tukaelekezwa meza ya kona, jirani na choo. Pale kulikuwa na bwana mmoja wa kampuni ya utalii. Nikamweleza: niko mwaka wa tatu, nimesoma nadharia, mbinu za utafiti, urithi, vyombo vya habari. Kanisikiliza vizuri kabisa, kisha kauliza kama najua kucheza ngoma.

Nikasema najua kuandika kuhusu ngoma. Akasema basi ataniwekea jina. Hakuweka. Nilimwona — alikuwa anachora maua kwenye karatasi.

Nyumbani Mama kauliza swali lake la tangu mwaka wa kwanza: ukimaliza unakuwa nani? Daktari ni daktari, mwalimu ni mwalimu, wewe? Nikamwambia wapo walioko redioni, wapo makumbusho, wapo wahariri, wapo maafisa utamaduni, na wapo wanaoendelea tu kusoma. Akasema hao wa mwisho ndio wengi, eh? Baba alikuwa anasafisha mashine yake ya kunyolea kwa mswaki mkuukuu, kama kila jioni.

Miaka mitatu, na sina mbele wala nyuma.

Jumatano, 5 Machi

Kazi ya mwisho ya utafiti: chagua mahali pa kazi, kaa, tazama, andika. Mhadhiri wetu anasema kila kitu kina maana, hata kile kilichoachwa tu pembeni. Mimi nimechagua saluni ya Baba. Sababu ya kitaaluma: ni mahali ambapo wanaume huzungumza. Sababu ya kweli: ni dakika tano kutoka nyumbani, na wiki nzima nishaipoteza.

Nimekaa benchini na daftari. Baba kanyoa vichwa tisa. Mzee Gazeti alikuwepo — jirani yetu, upara mtupu, hajanyolewa hapo miaka kumi. Anakuja kusoma gazeti la bure na kusahihisha maoni ya watu. Mimi ananiita Profesa.

Kuna kitu nimekiona leo, ingawa kipo siku zote. Viti vya kunyolea ni viwili. Kimoja Baba anakitumia. Cha pili, kando ya dirisha, kimefunikwa shuka jeupe na hakuna anayekikalia. Watu wanne walisubiri wamesimama, na kiti kipo! Nimemuuliza Baba. Kasema ni kibovu, pedali haipandishi. Nikaandika: "Jibu la juu juu. Anakwepa."

Jumatatu, 10 Machi

Nimepata! Babu, mzazi wake Baba, ndiye aliyemfundisha kunyoa. Walifanya kazi pamoja humo humo mpaka Babu alipofariki, mwaka wa saba sasa. Basi kile kiti ni cha Babu. Hakikaliwi kwa heshima. Shuka jeupe — sihitaji hata kueleza! Nimeandika kurasa kumi na mbili kwa siku mbili. "Kiti kitupu kama uwepo wa asiyekuwepo." Nimeipenda hiyo mpaka nimeisoma kwa sauti chooni.

Sijamuuliza Baba tena. Mhadhiri alishasema, mtu hajui kila mara maana ya anachokifanya. Hiyo ndiyo kazi yetu sisi.

Ijumaa, 14 Machi

Mhadhiri kaniita ofisini. Nikadhani nimefeli. Kumbe kurasa zangu kazisoma mara mbili, na ndani kuna mama mmoja wa miwani mikubwa, mratibu wa makumbusho. Anaandaa maonyesho ya kazi za mikono. Kiti anakitaka! Tena anatafuta msaidizi wa kuandika maelezo ya kila kitu kitakachowekwa — mkataba wa mwaka mzima. Kasema wazi kwamba kiti kikifika na maelezo yangu, nafasi ni yangu. Jumanne wanakuja kukichukua.

Mimi! Kazi! Tena yenye jina ambalo Mama anaweza kulitamka mbele ya majirani. Kanikumbatia na unga wake mikononi, gauni langu jeusi limekwisha.

Baba kauliza wanataka nini na kiti kibovu. Nikasema ni cha kihistoria. Baba akasema, "Kama kitakufikisha unakokwenda, wakichukue." Akatoka nje bila kumaliza chai. Nilitegemea afurahi. Sijui nimekosea wapi.

Jumamosi, 15 Machi

Mzee Gazeti kaniharibia maisha.

Baba alikuwa katoka kufuata spiriti ya kusafishia mashine. Mimi na majivuno yangu nikamsomea Mzee ukurasa wa kwanza. Akacheka mpaka miwani ikadondoka. Babu yako? Kiti hiki? Kiti hiki kililetwa kipya, ndani ya maboksi, na yeye mwenyewe alisaidia kukishusha. Hata miaka minne haijafika. Babu alinyolea kiti cha mbao maisha yake yote, mpaka mchwa walipokimaliza.

Kiti cha mbao! Nimekikalia mimi mwenyewe nikiwa mdogo, nikiwekewa mto nifike kwenye kioo. Nilisahau. Au nadharia ilinisahaulisha, sijui. Kurasa kumi na mbili, jamani.

Mzee kafuta miwani akaniambia, "Profesa, si ungeuliza? Kuuliza si ujinga." Nilitamani ardhi ipasuke niingie.

Lakini sasa kama si cha Babu, kwa nini hakikaliwi? Kiti kipya, kibovu, na hakijatengenezwa miaka yote hiyo — na Baba ndiye anayetengeneza hata pasi za majirani?

Jumapili, 16 Machi

Saluni imefungwa leo. Nimechukua ufunguo nikaenda peke yangu.

Nimeondoa shuka. Mto wa kichwa bado una plastiki ya dukani. Nikakanyaga pedali. Kikapanda. Laini, bila hata mlio. Nikakishusha mpaka pale pale kilipokuwa. Nikapitisha kidole chini yake — mafuta mabichi. Kuna mtu anakipaka mafuta kiti kibovu!

Na kimo chake, kilikuwa kimewekwa juu mno kwa Baba. Baba ni mrefu — hapana, nimeandika kinyume. Kilikuwa chini mno. Kwa pale Baba angevunjika mgongo. Nikasimama nyuma yake. Mikono yangu ikafika sawasawa mahali ambapo kichwa cha mtu kingekuwa.

Nikarudi nyumbani nikamuuliza Mama. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua uso. Kasema kiti kililetwa mwaka niliomaliza sekondari, mimi nikiwa bado bweni. Likizo zote nilikuwa nawanyoa binamu zangu uani, na Baba alikuwa akiwatangazia wateja kwamba mkono wangu ni mwepesi kuliko wake. Akanunua kiti. Akangoja nirudi anioneshe.

"Ukaingia unaruka ruka, barua ya chuo mkononi," Mama kasema. "Angesema nini? Akawaambia wateja kimekuja kibovu. Akakifunika."

Nikauliza kwa nini wote walininyamazia. Kasema sikuuliza. Halafu akaongeza kwamba mwenye macho haambiwi tazama, na mimi nimekwenda kusomea kutazama miaka mitatu.

Nimelia, na sijui nalia nini. Sitaki kuwa kinyozi. Nadhani sitaki. Nataka kazi ya makumbusho. Nadhani nataka.

Jumatatu, 17 Machi

Mara nne nimeshika simu nimpigie mratibu. Nikisema ukweli, kazi imeota mbawa. Nisiposema, Baba atakwenda kusoma uongo wangu ukutani, kavaa shati lake la safari. Sijapiga.

Baba kala, kaosha sahani yake mwenyewe. Nilitaka kusema kitu. Nikamuuliza kama spiriti alipata. Alipata.

Jumanne, 18 Machi

Naandika stoo ya saluni, nyuma ya pazia, nimekalia ndoo. Wako nje wote.

Mratibu kafika saa nne na wabebaji wawili. Baba alikuwa katikati ya kichwa cha mtu. Shuka lilikuwa limeondolewa tayari na kukunjwa vizuri — kalikunja Baba mwenyewe. Mratibu, mtu wa kujiandaa, akatoa kadi ya maelezo. Imeshachapishwa! Mzee Gazeti, ambaye hawezi kuacha herufi ipite, akaichukua akaisoma kwa sauti: "Kiti cha marehemu baba na mwalimu wa kinyozi. Hakikaliwi, kwa heshima yake."

Mashine ikazimwa. Mteja kabaki na nusu kichwa.

"Baba yangu hakukiona kiti hiki," Baba kasema. Taratibu, bila hasira. Ingekuwa hasira ningejua pa kujificha.

Mratibu akanigeukia mimi. "Basi ni cha nani?"

Nikasema ngoja nifuate kalamu, nirekebishe kadi. Kalamu ilikuwa mfukoni mwangu, na Mzee Gazeti aliiona.

Kadi iko magotini, nimeigeuza. Nyuma ni nyeupe. Nimeandika "Kiti cha", nimekwama. Nikiandika ukweli, huenda mratibu akakitaka mara mbili zaidi — maana hiki sasa ndicho kisa chenyewe, bora kuliko kurasa zangu zote. Nitapata kazi, na Baba atabaki na pengo kando ya dirisha. Nikisema kisiondoke, sina kazi, na kiti nacho bado hakina mtu. Au kinaye? Sijui nishike lipi.

Mbebaji mmoja anauliza kama wakinyanyue.

Mlango wa mbele umefunguka. Mteja mpya. Anasalimia, anashangaa kiti cha dirishani leo kiko wazi, anauliza kama kinafanya kazi, maana ana haraka.

Mzee Gazeti hata ukurasa hageuzi.

Plastiki imelia. Mtu kaketi.

"Kaa tu," Baba anamwambia. "Fundi wake yuko ndani anaandika. Anakuja."

Kalamu bado iko mkononi, lakini nimesimama.